Tahiti: Mgeni Njoo, Je, Mwenyeji Alipona?

Ndugu msomaji, hapana shaka umekwisha kulisikia jina la Tahiti. Huenda ulilisikia katika sinema, au ulikiona kisiwa chenyewe katika kalenda iliyotundikwa ukutani mwa ofisi: minazi iliyoinama, bahari ya samawati, na msichana aliyechomeka ua sikioni. Picha hizo si za uongo. Lakini kwa zaidi ya miaka 250 sasa, habari za Tahiti zimesimuliwa na wageni zaidi kuliko wenyeji. Wahenga wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Leo Jumapili, ukiwa umepumzika pamoja na jamaa zako, nakualika tukitembelee kisiwa hicho huku tukijiuliza swali moja: katika wageni wote waliofika Tahiti, ni nani aliyekuja mwenyeji akapona?

KISIWA CHENYEWE

Fungua ramani ya dunia, uweke kidole juu ya Bukini, yaani Madagaska. Kipeleke mashariki kwa usawa huo huo, uivuke Bahari ya Hindi na kaskazini ya Australia, uingie katika Bahari ya Pasifiki hadi yapata nusu ya njia ya kuelekea Amerika ya Kusini. Hapo ndipo kilipo Tahiti. Eneo lake ni kilometa za mraba 1,045 hivi. Hakiifikii Unguja kwa ukubwa, bali kinaizidi Pemba kidogo.

Kisiwa kilifanywa na volkano mbili za kale zilizokwisha kuzimika. Kubwa huitwa Tahiti Nui, ndogo huitwa Tahiti Iti, na shingo nyembamba ya nchi iitwayo Taravao imeziunganisha. Mlima Orohena umesimama katikati kwa urefu wa meta 2,241, na kutoka huko mito huteremka kwa kasi katika mabonde ya kijani. Pwani imezungukwa kwa sehemu kubwa na mwamba wa matumbawe, ambao huyavunja mawimbi na kuyaacha maji ya ndani yakiwa matulivu. Wakazi ni karibu laki mbili, na wengi wao huishi katika mji mkuu wa Papeete na vitongoji vyake.

WALIOFIKA KWANZA

Wa kwanza kufika ni mababu wa wenyeji wenyewe, yapata miaka elfu moja iliyopita. Walitoka visiwa vya magharibi kwa vyombo vya mitumbwi miwili iliyoungwa pamoja, wakiwa na wake zao, watoto, nguruwe, kuku na miche ya vyakula. Hawakuwa na dira wala ramani ya karatasi. Njia waliijua kwa nyota, kwa mapigo ya mawimbi, na kwa ndege warudio nchi kavu jioni.

Hapa, ndugu msomaji, pana jambo linalotugusa sisi wa pwani ya Afrika Mashariki. Mabaharia wa ukoo huo huo wa lugha, ambao asili yao ni upande wa Asia ya Kusini-Mashariki, walivuka pia Bahari ya Hindi wakahamia Bukini. Mpaka leo Mtahiti akihesabu tatu husema toru, na Mmalagasi husema telo; saba kwa Mtahiti ni hitu, kwa Mmalagasi ni fito. Hata ngalawa zetu, na zile mbao za ubavuni zinazoizuia isipinduke, wataalamu wengi huamini kwamba ni ufundi uliotufikia kutokana na mabaharia hao. Mvuvi wa Kunduchi akipelekwa leo Tahiti, akaonyeshwa mtumbwi wa huko uitwao va'a, hatahitaji mkalimani kumweleza ule ubao wa pembeni una kazi gani.

WAGENI WENYE MIZINGA

Mwezi Juni 1767 nahodha Mwingereza Samuel Wallis alifika na manowari yake Dolphin. Mitumbwi kwa mamia iliizunguka meli. Pakazuka ugomvi, na mizinga ikafyatuliwa juu ya watu waliokuwa na mawe mikononi. Baada ya hapo palipatikana amani na biashara. Wenyeji hawakuwa na chuma, kwa hiyo mabaharia waling'oa misumari ya meli yao ili kubadilishana, hata ikahofiwa kwamba chombo kingeachana mbao.

Aprili 1768 alikuja Mfaransa Bougainville. Alikaa kama siku kumi tu, na wala hakumwuliza mtu. Akatangaza kwamba kisiwa ni mali ya mfalme wake. Aliporudi Ulaya alikisifu kama bustani ya raha isiyo na kazi wala huzuni. Sifa hizo za mgeni wa siku kumi ndizo zinazouzwa hata leo katika matangazo ya utalii.

Mwaka 1769 alifuata nahodha James Cook, aliyetumwa kuitazama sayari ya Zuhura ikipita mbele ya jua tarehe 3 Juni. Alipoondoka alifuatana na Tupaia, kuhani na mwana-maji hodari mwenye asili ya kisiwa jirani cha Raiatea. Kutokana na elimu ya mtu huyo pilichorwa ramani yenye visiwa zaidi ya 70. Tupaia hakurudi kwao. Alifariki Batavia, ambayo leo ni Jakarta, Desemba 1770.

Wala hakuwa peke yake. Kijana Ahutoru alikuwa ameondoka na Bougainville, akafika Paris, akaonyeshwa kwa mfalme, akapendezwa mno na michezo ya kuimba ya majumba ya huko. Alipokuwa njiani kurejea nyumbani kupitia Morisi alishikwa na ndui, akafa Novemba 1771 karibu na pwani ya Bukini. Tazama basi: Mtahiti aliyekwenda ugenini Ulaya alikuja kuzikwa katika bahari yetu hii, jirani na watu wanaohesabu kwa lugha iliyo jamaa na ya kwao.

SHELISHELI NA UTUMWA

Unalijua shelisheli, tunda lile linalochemshwa au kukaangwa, hasa Unguja na Pemba. Kwa Watahiti mti huo, waitao uru, ni nguzo ya chakula. Mwaka 1788 nahodha William Bligh aliletwa na meli Bounty kuchukua miche zaidi ya elfu moja. Shabaha haikuwa njema: wenye mashamba ya miwa katika visiwa vya Karibi walitaka chakula rahisi cha kuwalisha watumwa, ambao walikuwa Waafrika. Tarehe 28 Aprili 1789 mabaharia waliasi, wakamtia Bligh katika mashua, na miche ikatupwa baharini. Sinema nyingi zimefanywa juu ya maasi hayo. Lakini mara chache huelezwa kwamba shehena yenyewe ilikuwa mlo wa mtumwa. Bligh alirudi tena, na mwaka 1793 akaifikisha miche Karibi.

NCHI KUPOTEA

Kilichowaangamiza wenyeji zaidi ya mizinga ni maradhi. Wasafiri wa mwanzo walikisia watu kwa makumi ya maelfu. Kufika miaka ya 1830 walibaki chini ya elfu kumi. Mwaka 1842 manowari za Ufaransa zilimlazimisha Malkia Pomare wa Nne akubali himaya yao. Watu wake walishika silaha wakapigana tangu 1844 hadi mwisho wa mwaka 1846. Mwaka 1880 mwanawe, Pomare wa Tano, aliitoa nchi yote mikononi mwa Ufaransa.

Mambo hayakukoma hapo. Kati ya mwaka 1966 na 1996 Ufaransa ililipua mabomu ya nyuklia 193 kwa majaribio katika visiwa vya Moruroa na Fangataufa, zaidi ya kilometa elfu moja kutoka Tahiti. Tarehe 17 Julai 1974 wingu la bomu moja lilielekea upande usiotarajiwa, na vumbi lake la sumu likaishukia Tahiti penyewe. Ajira na fedha zilimiminika Papeete kwa ajili ya kazi hizo, na watu wa visiwa vya mbali waliacha mashamba na nyavu wakahamia mjini. Mwaka 2021 Rais Emmanuel Macron alitamka huko Papeete kwamba nchi yake ina deni kwa visiwa hivyo. Mwaka 2013 Umoja wa Mataifa ulikwisha kuvirudisha katika orodha ya nchi zisizojitawala, orodha inayosimamiwa na kamati ile iliyowahi kuongozwa na Ndugu Salim Ahmed Salim katika miaka ya 1970.

MGENI ALIYEPONYA

Je, hakuna mgeni aliyekuja mwenyeji akapona? Yuko. Tarehe 4 Juni 1976 chombo cha mitumbwi miwili kiitwacho Hōkūle'a kiliingia bandarini Papeete baada ya mwezi mmoja wa safari kutoka Hawaii. Kiliongozwa na Mau Piailug, fundi wa nyota kutoka Mikronesia, pasipo dira wala chombo chochote cha kupimia. Watu wapatao 17,000 walikuwa pwani kukipokea. Watoto walikipanda kwa wingi, hata nyuma yake ikazama majini. Wataalamu wa Ulaya walikuwa wamedai kwamba mababu wa watu hao walisukumwa na upepo tu wakaangukia visiwani kwa bahati. Siku ile kila mtoto aliona kwa macho yake kwamba babu zake walikuwa mabaharia.

UKIBAHATIKA KUFIKA

Safari ni ndefu na ghali, lakini elimu ya mahali haina nauli. Ukifika, chagua miezi ya Mei hadi Oktoba, mvua zikiwa chache. Amka mapema Jumapili uende soko la Papeete, uone samaki, maua na viazi vikuu. Onja samaki mbichi aliyetiwa ndimu na tui la nazi, na shelisheli lililopikwa katika tanuri la kuchimbwa ardhini. Nenda Pointi ya Venus penye mchanga mweusi, uitazame bahari ile ile waliyoingilia Wallis na Cook. Huko Paea uone marae ya Arahurahu, uwanja wa mawe wa ibada za kale. Mwezi Julai kuna sherehe za Heiva, ambapo huchezwa ngoma zilizowahi kupigwa marufuku na sheria za zama za wamisionari.

Mwisho ufike Teahupo'o, penye wimbi lililotumiwa katika mashindano ya Olimpiki ya mwaka 2024. Wanakijiji walipoambiwa kwamba mnara wa waamuzi ungejengwa juu ya matumbawe yao, walipinga kwa nguvu. Mnara ulijengwa, ila ukapunguzwa ukubwa. Kwa watu ambao kwa karne mbili hawakuulizwa, hilo si dogo.

Utakapopokewa kwa neno Ia ora na, itika vivyo hivyo. Na ukiondoka useme māuruuru, yaani asante. Ndugu msomaji, methali yetu haikusema kwamba kila mgeni huponya. Imemtwika mgeni wajibu. Nasi tuishio katika pwani na visiwa vinavyopokea wageni kila siku tunajua kuupima wajibu huo, kwani tunautarajia kwa wanaobisha hodi kwetu. Tukipata siku ya kubisha hodi kwa wenzetu, tusiende na chini ya huo.