Kila Mbegu na Joto Lake

Kutoka Njombe mjini hadi Makambako ni kama kilomita 60, lakini hali ya hewa si moja. Sisi tuko juu zaidi, na mwezi wa Juni na Julai huja asubuhi ambazo sakitu huunguza majani ya viazi. Makambako, pale njia ya Songea inapokutana na barabara kuu ya Mbeya na reli ya TAZARA, baridi ipo, ila inavumilika.

Binti yangu wa kidato cha pili aliitumia tofauti hiyo kwa kazi yake ya sayansi: joto linaathirije uotaji wa mbegu. Mwalimu aliwafundisha kwamba katika jaribio kibadilike kitu kimoja tu. Kwa hiyo alipukuchua gunzi moja la mahindi, akachota udongo wa shimo moja, akapima maji kwa kifuniko cha soda. Kopo la kwanza, lenye punje 20, lilikaa barazani kwetu. La pili, lenye punje 20 vilevile, lilitakiwa kwenda Makambako, na huko tunaye mtu mmoja tu: kaka yake.

Kijana huyu aliacha kusali baba yao alipofariki. Hakugombana na mtu. Alitupia udongo kaburini, akaondoka kwenda kupakia mbao kwenye malori, na tangu hapo hakukanyaga kanisani. Nikimpigia simu alijibu maneno mawili: "Nipo, mama." Katika jumuiya tulimwombea muda mrefu, mpaka mzee wetu mmoja akaniambia kwa upole, "Mama, mbegu nyingine huoza." Sikumjibu, lakini usiku ule sikulala.

Kopo na kipimajoto vikasafiri kwa basi. Kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi, simu ikaita. "Shikamoo mama. Mwambie mdogo wangu bado. Nyuzi 17." Siku iliyofuata akapiga tena, saa ileile. Siku ya tisa hakusubiri hata nimwitikie salamu: "Mama, zimetoka nne!" Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu msiba.

Kwetu barazani, ambako kipimajoto kilisoma nyuzi 9 alfajiri, udongo ulikuwa kimya. Siku ya 14 binti yangu alifukua punje tatu. Moja ilikuwa laini, imeoza. Mbili zilikuwa zimevimba, ngumu, zina ncha nyeupe. Akasema, "Mama, hizi hazijafa. Zinachelewa." Akanieleza kwamba punje ikishanyonya maji, vimeng'enya vilivyo ndani yake hugeuza wanga kuwa sukari ya kulisha mche. Baridi huipunguza kasi kazi hiyo, na chini ya nyuzi 10 hivi mahindi karibu hayaoti kabisa. Joto likizidi mno nalo huua.

Nikamkumbuka marehemu mume wangu. Yeye alikuwa akiotesha miche ya miwati, mti uliolimwa sana Njombe tangu kampuni ya miwati ilipoanza mwaka 1949. Mbegu yake ina ganda gumu. Ukiifukia hivihivi inaweza kukaa ardhini miaka. Yeye aliimwagia maji yaliyochemka, akaiacha humo ipoe, ndipo akaipanda. Maji yale yangeua punje ya hindi, lakini mbegu ya muwati huyahitaji ili ganda lifunguke.

Katika Marko sura ya 4 Bwana Yesu anasimulia habari za mtu aliyepanda, akalala na kuamka, mbegu ikaota pasipo yeye kujua namna gani. Sayansi ya binti yangu haikunipunguzia imani katika maneno hayo. Ilinionyesha kwamba Mungu aliyeumba mbegu aliipa kila moja kipimo chake, na kwamba kuchelewa na kuoza ni mambo mawili tofauti, ingawa kwa mtu aliyesimama juu ya udongo yanafanana.

Sisemi kila mbegu huota. Barazani kwetu ya kwanza ilitokeza siku ya 21, na mwishoni zilikuwa 11. Nyingine zilioza kweli. Makambako ziliota 18.

Ndugu msomaji, pengine katika jumuiya yako yuko mtu wa namna hii. Sisi tulikuwa tukimwuliza wetu kila mara atarudi lini. Mdogo wake hakumwuliza swali hilo. Alimpa kopo la udongo alitunze, akamwamini.

Alama za shule zimeshatolewa, lakini simu bado inaita saa kumi na mbili asubuhi. Kanisani hajarudi. Juzi aliniuliza nani anapalilia kaburi la baba. Nikamwambia napalilia mimi, na kwamba jembe la pili lipo.