Mzungu wa Nne Akawa Mzigo

Mwezi ukipevuka, wavuvi wa usipa wa Mbamba Bay hupumzika. Usipa huvuliwa gizani kwa mwanga wa taa; mbalamwezi ikitanda juu ya ziwa, samaki hawana sababu ya kuifuata karabai, na mitumbwi hulala mchangani mpaka giza lirudi. Ndizo siku za kushona nyavu, kulala mchana na kucheza karata.

Miaka ya 1990 kijana mmoja wa Mbinga mjini alikuwa akiteremka huko kila likizo, kwa mjomba wake. Leo ni mtu mzima, anaandika magazetini, na akisimulia habari za karata hujitaja kama vile anamsema mtu mwingine: "yule kijana". Basi na tumwite hivyo hivyo.

Kuteremka kulikuwa safari kweli. Lami ya kilomita 66 inayounganisha Mbinga na Mbamba Bay haikuwapo. Lori lilishuka milima ya Umatengo kona kwa kona, kiangazi kwa vumbi, masika kwa kukwama. Wengine waliingia kwa maji, kwa MV Songea au MV Iringa, kutoka Itungi kule Kyela. Meli zilileta sukari, sabuni na barua. Zilileta na michezo pia: mjomba alisema wahedi wa sitini alifundishwa na baharia mmoja mtu wa pwani, wakisubiri mawimbi yatulie.

Wahedi wa sitini ni mchezo wa hesabu. Ree ina pointi 11. Saba ina 10. Mzungu wa nne, yaani mfalme, ana 4. Mzungu wa tatu, yule wanayemwita jeki, ana 3. Mzungu wa pili, malkia, ana 2. Karata nyingine ni garasa, hazina kitu. Kopa, uru, shupaza na pau kila moja ina pointi 30, jumla 120, hivyo anayefikisha 61 amevuka nusu na mchezo umekwisha. Wareno wana mchezo wao, sueca, wenye pointi hizo hizo bila kupungua hata moja. Walitawala sehemu kubwa ya pwani yetu mpaka walipoipoteza Mombasa mwaka 1698. Ngome ya mji huo ilibadili wenyewe, karata zikabaki.

Mtu aliyekulia kwenye karata za Kiingereza huona maajabu hapa. Saba inampita mfalme? Malkia yuko chini ya jeki? Pale ufukweni hakuna aliyeuliza. Yule kijana alikariri 11, 10, 4, 3, 2 kama alivyokariri majina ya vituo vya meli, na akajifunza mengine yasiyo na hesabu: kukaa uso kwa uso na mwenzake wa upande mmoja, kukumbuka turufu zilizokwisha kutoka, kutomtazama mpinzani mikononi. Hela haikuwekwa. Aliyefungwa aliinuka kupisha wengine, kama kwenye bao na drafti, na aibu ya kuinuka ilitosha kumfanya mtu awe makini.

Huko juu Mbinga karata zilikuwa na jina baya, na kwa sababu ya haki. Katikati ya miaka ya 1990 ununuzi wa kahawa ulifunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi, fedha taslimu zikawa mikononi mwa wakulima msimu wa mavuno, na fedha taslimu huvuta watu wake. Wachezesha karata tatu walitandaza kiboksi penye abiria wengi: karata tatu kifudifudi, moja ndiyo ya ushindi, na jamaa wawili watatu wanaojifanya wateja wanashinda kirahisi mpaka mkulima aingie mkenge. Mama yake yule kijana hakutofautisha huo na mchezo wa mjomba. Karata ni karata, alisema, na pakiti iliyoonekana mezani kwake iliishia jikoni, kwenye moto.

Poka ilifika baadaye sana, tena kwa simu. Mwaka 2003 mhasibu mmoja wa Tennessee, Chris Moneymaker, aliyepata nafasi yake kwa kucheza kwenye intaneti, alitwaa dola milioni 2.5 katika mashindano makuu ya Las Vegas, na dunia nzima ikataka kujua poka ni nini. Simu za kupangusa zilipoenea, michezo ya bure yenye hela za kuigiza ikafika hata kwenye vijiwe vya Mbinga. Aliyeileta nyumbani ni mpwa wa yule kijana, mwanafunzi wa chuo, ambaye kwake yule mjomba wa Mbamba Bay ni babu. Walikaa watatu ufukweni na pakiti moja ya karata, na kwa mara ya kwanza nane, tisa na kumi, ambazo wahedi wa sitini huziweka kando, zilirudishwa kwenye pakiti.

Mpangilio wa poka huanzia chini: mkono usio na kitu, unaopimwa kwa karata yake kubwa; kisha jozi; jozi mbili; tatu za namna moja; streti, yaani tano zinazofuatana; flashi, yaani tano za alama moja; fulu hausi, yaani tatu na mbili; nne za namna moja; na juu kabisa streti flashi, tano zinazofuatana za alama moja, ambayo kilele chake ni kumi mpaka ree.

Mzee aligoma kwenye flashi.

"Mbili, nne, sita, tisa na mzungu wa pili, zote kopa, zishinde ree tatu? Kwa lipi?"

"Poka haihesabu pointi, Babu. Inaangalia kipi ni adimu."

Hilo ndilo badiliko lenyewe, na linastahili hesabu kamili. Karata 52 hutoa mikono 2,598,960 tofauti ya karata tano. Nusu yake na kidogo, 1,302,540, haina hata jozi. Jozi moja ni 1,098,240. Tatu za namna moja ni 54,912, streti 10,200, flashi 5,108, fulu hausi 3,744, nne za namna moja 624. Streti flashi zote ni 40 tu. Flashi, basi, ni adimu mara mbili ya streti na mara kumi na zaidi ya tatu za namna moja. Zile kopa ndogondogo zinashinda kwa sababu hazikutani kirahisi. Yule kijana aliziandika nambari hizo nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita. Mzee alizitazama kwa muda, akauliza karatasi kama hiyo inapatikana wapi kwa ajili ya wahedi wa sitini.

Walicheza kwa vizibo vya soda. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inataka anayechezesha kwa fedha awe na leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi kabisa; lakini sababu ya kweli ya vizibo ilikuwa mama, ambaye bado yupo na bado ana jiko.

Msimu uliofuata mpwa alirudi na jambo geni zaidi: poka ya chini. Unagawiwa karata tano, mnaweka dau, unatupa usizozitaka na kupewa nyingine, mnaweka dau tena, mnafunua. Anayeshinda ni mwenye mkono mbovu kuliko wote. Jozi, ambayo mtu alikuwa akiiombea dua, sasa ni balaa. Mzungu wa nne ni mzigo wa kutupwa mapema.

Mkono wa chini husomwa kuanzia karata kubwa. Nane-sita-nne-tatu-mbili unaushinda nane-saba-tatu-mbili-ree: nane zimelingana, kisha sita ni ndogo kuliko saba, hapo shauri limekwisha, hata kama zinazofuata ni ndogo namna gani. Wageni wengi hukosea hapa kwa kuitazama ree na kusahau saba.

Halafu kuna sheria mbili zinazogombana. Ya kwanza huihesabu ree kuwa ndogo kuliko zote na kuzipuuza streti na flashi, hivyo mkono bora ni ree-mbili-tatu-nne-tano. Ya pili huiacha ree juu na kuzihesabu streti na flashi kama hasara. Mkono bora ni mbili-tatu-nne-tano-saba, alama zikiwa zimechanganyika. Mbili-tatu-nne-tano-sita, inayoonekana tamu zaidi, ni streti, na imekufa. Ukiwa na mbili, tatu, nne na saba za alama tofauti, ukaomba karata moja, karata 47 hujaziona. Ukitaka mkono usiopita nane, tano, sita na nane ndizo zinazokufaa, jumla 12. Ni nafasi moja kati ya nne hivi.

Sheria ya kwanza ilikulia California. Mwaka 1885 jimbo hilo lilipiga marufuku poka ya karata za kufunuliwa, lakini poka ya kubadilisha karata haikutajwa, na mwaka 1911 mwanasheria mkuu wake alisema huo ni mchezo wa ustadi. Kwa mwanya huo klabu za Gardena, karibu na Los Angeles, ziliendesha meza zao kuanzia mwaka 1936, na poka ya chini ikawa moja ya michezo yao mikubwa. Mwaka 1987 aina nyingine zikaruhusiwa, meza zikahama, na poka ya chini ikabaki ya wakongwe. Mmoja wao, Billy Baxter, ana bangili saba za mashindano ya dunia ya Las Vegas, zote kwa michezo ya chini.

Yule kijana alitarajia mzee agome tena. Hakugoma. Aliishika poka ya chini haraka kuliko alivyoishika ile ya kawaida, na mpwa, aliyezoea simu kumpangia mikono, alifungwa mara nyingi kuliko alivyopenda kusema. Labda ni haki hivyo: mtu aliyekaa miaka yote na malkia aliye chini ya jeki hajawahi kumwogopa mfalme. Tena kukumbuka karata zilizotoka, kazi ambayo simu huifuta kila raundi, kwake ilikuwa mazoea ya kila mbalamwezi.

Mgogoro uliobaki ni wa ree. Wamekubaliana kwamba mgawaji ndiye anayetangaza sheria kabla ya karata ya kwanza kutoka, na kwamba asiyetangaza hupoteza vizibo viwili. Mzee, zamu yake ikifika, huiweka ree chini bila kumuuliza mtu. Mpwa huirudisha juu. Naye yule kijana, aliyekaa katikati yao, hubadili kufuatana na idadi ya vizibo vilivyombakia.