Nilikosa Gia ya Tatu

Wasee, hii story sijawahi kuiweka kwenye video. Mkishaisoma mtaelewa kwa nini.

Mimi nilijifunza kuendesha kwa gari la otomatiki. Mnajua vile huwa: kile kibao cha shule ya udereva chenye vigari vya kuchezea, unasukuma kwa kidole ukieleza vile utaingia raundabauti, kisha wiki chache barabarani, leseni hiyo. Nikajiona dereva. Halafu Machi mjomba akanipigia simu. Goti lake la kushoto limekataa. La kushoto ndilo la klachi.

"Kijana, wewe si uko tu na simu huko? Kuja nikufunze lori."

Sikuwa na jibu. Hilo lori ndilo lilinilipia mihula mitatu ya chuo kabla niache. Kila mtu kwa familia aliniuliza kwa nini niliacha. Mjomba hakuuliza hata siku moja, na manze, heri angeuliza.

Basi tukaanza Jumapili, uwanja mtupu kule Athi River. Lori ni la zamani, limenizidi umri. Likiwa tupu unaanza na gia ya pili. Likibeba mzigo, au mkiwa kwa mlima, ya kwanza. Siku hiyo ya kwanza liliruka kama mbuzi likazima, likaruka tena likazima. Tanboi wa mjomba alicheka hadi akakaa chini. Kuzima si kitu, lakini. Noma ni ile sauti ya gia zikisagana, inakupanda kutoka kwa mkono hadi kwa meno yako mwenyewe.

"Hayo unasaga ni pesa," mjomba akasema. Hakupandisha sauti.

Shida ni hii. Ndani ya giaboksi kuna vyuma vinavyozunguka kwa kasi tofauti. Gari likiwa na afya, kuna vipete, mafundi wanaviita sinkro, ambavyo vinasuguana kwanza ili kasi zilingane kabla meno hayajashikana. Sinkro za lori la mjomba zilikwisha kitambo. Kwa hivyo kazi yake unaifanya wewe. Ukitaka kushuka gia: klachi, toa gia, achilia klachi, kanyaga mafuta kidogo injini ipande, klachi tena, ingiza. Klachi mara mbili kwa gia moja! Ukipanda gia ni hivyo hivyo, ila hukanyagi mafuta, unangoja injini ishuke. Sasa hesabu ni mara ngapi kutoka Athi River hadi Narok, kisha uniambie kama goti lako lingebaki.

Nilikuwa nakodolea macho ile mishale ya dashibodi. Mjomba akachukua taulo lake la jasho akaifunika. "Sikiliza." Na hapo, si kujisifu, ndipo nilianza kupata. Mimi hukaa usiku na vipokea sauti masikioni nikikata klipu, najua sauti ikiwa imechelewa hata kidogo tu. Injini nayo ina mahali pake pa kukatwa. Wiki ya tatu gia zikaanza kuingia bila kelele, na tanboi akaacha kuja kunitazama.

Safari yenyewe ilikuwa simiti, mifuko 200 ya kilo 50, hiyo ni tani 10, ya kupeleka Narok. Kushuka Mai Mahiu aliendesha mwenyewe na goti lake bovu. Mimi nilikuwa na L zangu mbili na leseni ya kujifunzia, hakuna vile angeniachia ule mteremko na mzigo. Kabla hatujaanza kushuka akaweka gia ya chini na hakuibadilisha tena. Lori likanguruma polepole chini ya ukuta wa mlima, Longonot mbele yetu, nyani kando ya barabara, na breki akizigusa mara moja moja tu.

Katikati hivi, lori lingine likatupita. Sijui niwaelezeje. Halikuwa na sauti. Lori zima na mzigo wake, na ulisikia tu magurudumu na upepo, kisha harufu ya breki zilizoungua.

"Huyo ameweka firii," mjomba akasema.

Firii ni kutoa gia kabisa kwenye mteremko, lori lijiteremkie, eti uokoe dizeli. Wengine wanaiokoa waiuze. Na hesabu yenyewe ni ya uongo. Ukiwa ndani ya gia na umeachilia mafuta, magurudumu ndiyo yanaizungusha injini, na pampu inakata dizeli. Ukiwa firii, injini inanguruma pale inakunywa kidogo kidogo, haikushiki, na uzito wote umeuachia breki. Breki zikichemka, hata ukikanyaga vipi hazishiki. Ndiyo mchezo uliofanya watu waogope Salgaa. Baada ya ajali ya Migaa, Desemba 31, 2017, iliyoua watu 36, serikali ilijenga ukuta wa zege kugawanya ile barabara. Madereva wa firii bado wako.

Chini tukapita lile kanisa dogo la Waitaliano, walilojenga wafungwa wa vita mwaka wa 1942. Mjomba hufanya ishara ya msalaba hapo. Siku hiyo hata mimi.

Kurudi, lori tupu, akanipa usukani pale Mai Mahiu. Mlima wote ule mbele yangu. Ya nne ikaanza kuchoka, nikaenda kuitafuta ya tatu, nikachelewa. Kwa mlima lori halikungoji. Krrrr. Ikakataa. Nikajaribu tena, krrrr, lori likasimama katikati ya barabara na honi zikaanza nyuma. Tanboi alikuwa ashashuka na jiwe la kuweka nyuma ya gurudumu.

Nilingoja matusi. Mjomba akavuta handbreki, akaangalia kioo. "Weka ya kwanza. Twende."

Tukaenda. Ya kwanza, ya pili. Na hapo, mikono ikinitetemeka, akauliza, kama mtu anayeuliza saa.

"Ile shule. Uliacha kwa sababu ya pesa?"

Ningesema ndiyo. Ndivyo nimewaambia watu wote, hata nyinyi, kwenye ile video ambayo wengi wenu ndiyo mlinijulia.

"Hapana, Anko. Ile karo ya muhula wa tatu haikufika chuo. Nilinunua simu na taa."

Akanyamaza. Tulipita kona moja, tukapita vibanda vya ngozi za kondoo, na bado. Aliweka mkono juu ya goti akawa analisugua polepole. Sikuweza kumwangalia. Nilikuwa nimepanda hadi ya nne pale palipolegea kidogo, na sasa mlima ulikuwa umerudi, injini inaanza kulia, na mimi nimekaa tu.

"Gia," akasema.

Klachi. Toa. Achilia. Mafuta. Klachi.

Ikaingia.