Je, Filamu Hii Yawafaa Watoto?



Miongoni mwa maswali ambayo paroko huulizwa nje ya mlango wa kanisa, lipo moja ambalo hatukufundishwa seminarini: "Padre, filamu hii inawafaa watoto?" Mwulizaji huwa ameshika simu yenye picha ya mtu mwenye bunduki na roboti nyuma yake, na mtoto mwenyewe amesimama kando akisikiliza kwa makini kuliko alivyosikiliza mahubiri. Mzazi hutaka jibu la neno moja. Mimi huwa silitoi hapo hapo, kwa sababu sijapata kuona filamu ya mapigano iliyomstahili mtoto au kutomstahili kwa sababu moja tu.

Juma hili nizungumzie filamu moja, Terminator 2: Judgment Day, iliyoongozwa na James Cameron na kutolewa mwaka 1991. Ni filamu ya zamani, lakini haijazeeka mikononi mwa watu. Wajomba walioitazama vibandani, wakiwa wamebanana kwenye mabenchi huku mtafsiri akipaza Kiswahili chake juu ya milio ya risasi, ndio hao leo wanaowaonyesha wapwa zao. Mimi niliiona kwa mara ya kwanza nikiwa kijana wa sekondari. Nimeitazama tena mara mbili hivi karibuni, mara ya pili nikiwa na daftari.

Kwa wasioijua, kisa chake ni hiki. Kompyuta za kijeshi zimewaasi wanadamu, na baada ya vita vya nyuklia mitambo inawawinda wachache waliosalia. Ili kumwangamiza kiongozi wa wanadamu kabla hajawa mtu mzima, mitambo inamrudisha nyuma, katika miaka ya utoto wake, muuaji aliyeumbwa kwa madini yanayotiririka kama zebaki, mwenye uwezo wa kuchukua umbo la mtu yeyote aliyemgusa. Wanadamu nao wanatuma mlinzi, mtambo wa kizamani zaidi wenye sura ya Arnold Schwarzenegger. Anayewindwa ni John Connor, mtoto wa miaka kumi, anayelelewa na watu wasio wazazi wake kwa kuwa mama yake, Sarah, amefungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili.

Tuanze na alama za umri, kwa kuwa ndizo zilizo rahisi kuzitafuta. Marekani iliipa filamu hii alama ya R, maana yake aliye chini ya miaka 17 haruhusiwi kuingia ukumbini bila mzazi au mlezi. Uingereza iliizuia kwa walio chini ya miaka 15. Mfumo wa Marekani ulianza Novemba 1968, na mwaka 1984, baada ya wazazi kulalamikia filamu kama Gremlins na Indiana Jones and the Temple of Doom, likaongezwa daraja la kati, PG-13. Kwetu Tanzania ipo Bodi ya Filamu, iliyotokana na sheria ya mwaka 1976, na jirani zetu wa Kenya wana bodi yao inayozipanga filamu katika madaraja kama GE kwa watu wote, PG, 16 na 18. Hayo ni mema, na mzazi asiyeyajali ana la kujibu. Lakini alama hubandikwa kwenye bango na kwenye kasha, ilhali filamu inayohama kutoka simu hadi simu haina kasha. Aidha, alama hutaja umri, wala haimwambii mzazi ni dakika ipi itakayomwamsha mwanawe usiku.

Dakika hiyo ndiyo iliyonileta kwenye tafakari hii. Mama mmoja alifika ofisini akiwa na jambo lililomwelemea. Anamlea mtoto wa marehemu dada yake, mvulana wa miaka saba. Kwa desturi yetu mama mdogo ni mama, na mtoto huyo hamwiti kwa jina lingine. Binamu yake wa miaka kumi na mitano alimwonyesha filamu hii kwa simu, kitandani, chini ya shuka. Tangu hapo mtoto akawa halali. Wote nyumbani walidhani ameogopa bunduki, wakamweleza kwa upole kwamba risasi zile ni za bandia na kwamba waliokufa wameinuka wakaenda kwao. Haikusaidia. Jioni moja mama huyo akiwa jikoni alimsikia mtoto akiuliza kutoka nyuma ya mlango: "Mama, Simba amekula?" Alikuwa amechoka, moshi umemjaa machoni, akajibu tu, "Amekula." Mtoto akapiga ukelele, akakimbilia kwa jirani, akakataa kurudi hadi usiku. Mbwa wao haitwi Simba. Anaitwa Popi.

Walioiona filamu wameshaelewa. Muuaji yule wa zebaki anafika nyumbani kwa walezi wa John, anamuua mama mlezi na kuvaa sura na sauti yake, kisha anapokea simu. Mlinzi, akiigiza sauti ya mtoto, anauliza habari za mbwa kwa jina lisilo lake, na yule aliye upande wa pili anajibu kwamba mbwa ni mzima. Kwa jibu hilo inajulikana kwamba walezi wamekwisha kuuawa. Tunamwona mwanamke wa kawaida jikoni, simu mkononi, ilhali mkono wake wa pili umegeuka upanga na kumchoma mumewe kupitia pakiti ya maziwa aliyokuwa akinywa. Kipande hicho hakifikii hata dakika mbili. Lakini mtoto yule wa miaka saba, ambaye mama yake wa kwanza aliondoka pasipo kuaga, alikuwa akimfanyia mama yake wa pili mtihani ule ule, na mama hakujua kuwa yumo katika mtihani.

Profesa Joanne Cantor wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, alichunguza kwa miaka mingi hofu zinazowapata watoto kutokana na runinga na filamu. Yeye na wenzake waligundua kwamba katika kipindi cha The Incredible Hulk watoto wadogo waliogopa hasa pale mtu anapogeuka kuwa jitu la kijani, ingawa jitu lenyewe huwatetea wanyonge. Kwa mtoto wa umri huo, kinachoonekana ndicho kilichopo, na sura ikibadilika, basi mtu mwenyewe ametoweka. Kinyume chake, mwaka 1983 runinga ya Marekani ilipoonyesha The Day After, filamu kuhusu vita vya nyuklia iliyowatia watu hofu kubwa, uchunguzi wao ulionyesha kwamba watoto wadogo ndio waliosumbuka kidogo, vijana wakasumbuka zaidi, na wazazi kupita wote.

Filamu yetu ina mambo hayo mawili katika kasha moja. Ipo ndoto ya Sarah, ameshika uzio wa uwanja wa kuchezea watoto, bomu linalipuka juu ya Los Angeles na watoto wanateketea mbele ya macho yake. Mimi, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, niliisimamisha filamu hapo nikaenda kunywa maji. Mtoto wa miaka saba yawezekana aipite kama fataki. Kwa hiyo mzazi anayepima filamu kwa kile kilichomtisha yeye mwenyewe atamziba mtoto macho penye ndoto, na kumwacha atazame jikoni.

Upande wa pili wa hukumu unanipa taabu zaidi, kwa sababu hapo filamu hii ni bora kuliko nyingi zenye alama laini. Mapema katika kisa John anagundua kwamba mtambo unatii amri zake. Anajaribu uwezo huo kitoto, na ghafla mtambo unamwelekezea mtu bastola ili umuue. John anausukuma mkono wake, kisha anauambia kwamba hairuhusiwi kuua watu. Mtambo unauliza: kwa nini? Mtoto anatafuta jibu, halimjii. Anasema tu kwamba haifai. Mtambo unauliza tena. Sisi tuliosoma teolojia ya maadili tungempa juzuu tatu. Yeye ana miaka kumi, na anajua. Baadaye anauapisha mtambo usiue mtu, nao mara moja unampiga risasi za miguu mlinzi wa getini, ukieleza kwamba ataishi. Watazamaji hucheka.

Niliwahi kulijadili tukio hilo na vijana wa parokia, wote wa kidato cha tatu na cha nne. Wengi walicheka kama ilivyotarajiwa. Mmoja hakucheka, akauliza, "Yule mlinzi ana watoto? Nani atalipa ada?" Baba wa kijana huyo ni mlinzi. Tulikaa juu ya swali hilo nusu saa, na sikulazimika kuhubiri.

Kuna tendo jingine ambalo sijaliona mara nyingi katika filamu za aina hii. Sarah anakwenda kumuua Dyson, mhandisi ambaye kazi yake itazaa mitambo ile ya maangamizi. Ana hesabu kamili kichwani: mtu mmoja afe, mabilioni wapone. Anampiga risasi, anamjeruhi, anamsimamia akiwa ameanguka mbele ya mkewe na mwanawe mdogo, na hawezi kumaliza. Anajikunja ukutani analia. Filamu inasema waziwazi kwamba mwanamke huyu, kwa kuwaogopa mauaji wa chuma, alikaribia kuwa mmoja wao.

Linganisheni na Man of Steel ya mwaka 2013, yenye alama laini ya PG-13. Majengo marefu ya mji mzima yanaporomoka katika pambano la mwisho, na damu ni haba mno. Maghorofa yale yalikuwa na watu. Ni kweli kwamba shujaa analia kwa uchungu baada ya kumuua adui yake kwa mikono yake, lakini waliofukiwa chini ya vifusi wanapata machozi machache sana. Nikilazimishwa kuchagua ni ipi kati ya hizo mbili inayomfundisha kijana thamani ya mtu mmoja, nitachagua ile ya R. Tukihesabu damu peke yake, tutampa mtoto filamu ambamo kifo ni vumbi tu.

Matusi yamo, tena mengi, na John anaufundisha mtambo maneno ambayo hatuyasemi mezani. Mtambo unafika duniani ukiwa uchi, pasipo ashiki yoyote. Sioni haja ya kukaa hapo. Jambo lililoniudhi kuliko hayo ni la biashara: filamu iliyozuiwa kwa watoto ilitengenezewa vinyago vya kuuziwa watoto hao hao. Mkono mmoja ukafunga mlango, wa pili ukapitisha ufunguo dirishani.

Basi, jibu langu kwa walioniuliza. Kwa aliye chini ya miaka kumi, hapana kabisa, hata akikaa mapajani mwa baba yake, na mara mbili hapana kwa mtoto aliyefiwa au anayelelewa na wasiomzaa. Kati ya miaka kumi na kumi na mitatu bado nasema hapana, ingawa najua wengi wameshaiona na sitawafukuza kwenye mafundisho. Kuanzia miaka kumi na minne, ndiyo, akiwa na mtu mzima chumbani ambaye ameshaitazama peke yake kwanza. Najua ina dakika 137, na najua baba wengi hurudi wamechoka. Hati ya Mtaguso, Inter Mirifica ya mwaka 1963, iliwakumbusha wazazi kuchunga kile kinachovuka kizingiti cha nyumba zao. Kizingiti chenyewe leo kiko ndani ya mfuko wa suruali ya binamu.

Mama yule aliniuliza pia afanye nini na mtoto. Nilimshauri aache kubishana naye kwamba si kweli, kwani watafiti niliowataja waliona kuwa maelezo ya namna hiyo huwafaa wakubwa, na wadogo hufaidika zaidi na kushikwa, kukaa karibu na mtu wanayemwamini, na kuwa na kitu cha kufanya. Yeye akabuni lake. Walikubaliana neno la siri, jina la utani ambalo marehemu dada yake alimwitia mtoto huyo alipokuwa mchanga, na mtoto akaruhusiwa kuliuliza wakati wowote, hata usiku wa manane. Mwanzoni aliliuliza mara nyingi kwa siku. Jumapili iliyopita mama aliniambia kuwa tangu mwanzo wa mwezi ameuliza mara mbili. Binamu ameadhibiwa kidogo, nami niliomba adhabu hiyo iishe.

Wazazi wawili wameniuliza kuhusu Transformers ya mwaka 2007. Nimefika katikati. Nikiimaliza nitaandika.