Taulo la Douglas Adams na Suala la Hadhira
Nifundishapo fasihi simulizi, mimi husisitiza kwamba hadhira ni sehemu ya utungo. Bunilizi za kisayansi za Mwingereza Douglas Adams zinaithibitisha hoja hiyo. The Hitchhiker's Guide to the Galaxy ilisikika kwanza katika redio ya BBC mwaka 1978, ikawa kitabu mwaka 1979. Humo, kwa mzaha, taulo ndilo kifaa chenye manufaa kuliko vyote kwa msafiri wa angani. Adams alifariki tarehe 11 Mei 2001. Siku 14 baadaye wapenzi wake walibeba mataulo kumkumbuka, na hadi leo hufanya hivyo kila tarehe 25 Mei. Sisi wahakiki tumezoea kuziita kazi za kuchekesha nyepesi. Je, ni tanzia ngapi tunazozitukuza ambazo wasomaji wangezienzi japo kwa leso?