Mjeledi wa Nailoni na Maksai wa Sikuda

Mjeledi ni chombo kinachodharauliwa na wengi, kwa kuwa hudhaniwa kwamba kila mwenye mkono aweza kuutumia. Wasomaji waliokulia katika nchi ya Wasamia, Wagwe na Wateso, ambako jembe la kukokotwa na ng'ombe, yaani plau, lilienea mwanzoni mwa karne ya 20 pamoja na kilimo cha pamba, wanafahamu kwamba sivyo. Yuko mlimaji ambaye maksai wake huondoka kwa mlio mmoja tu, na yuko mwingine ambaye migongo ya ng'ombe wake imejaa makovu na hata hivyo mtaro wake umepinda kama njia ya nyoka. Aghalabu tofauti haimo katika ng'ombe.

Koplo mmoja mstaafu alirejea nyumbani kwake Sikuda, katika wilaya ya Busia nchini Uganda, akanunua jozi ya maksai kwa sehemu kubwa ya malipo yake ya kustaafu. Mmoja alikuwa mtulivu. Wa pili, mwekundu mwenye pembe fupi, alikuwa na kasoro ambayo muuzaji hakuitaja mnadani: aliposikia kitu kikivuma nyuma yake alijilaza katikati ya mtaro, nira ikiwa shingoni, akimvuta na mwenzake. Mvua za Machi zilikuwa zimekwisha kuanza, na karo ya watoto watatu ilitegemea mahindi ya shamba hilo.

"Afande," jirani mmoja mzee alimwambia, "huyu si kuruta. Huyu amekwisha kupigwa mno."

Koplo hakuwa mtu wa kubishana na wazee. Aliwafungua wote wawili, akawaacha wale majani, naye akashughulika kwanza na mjeledi.

Mjeledi huo ulikuwa mpya, wa nailoni, uliosukwa kwa kamba nyembamba ya aina itumiwayo katika miavuli ya askari warukao kutoka ndegeni. Nailoni ilitengenezwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 1935, katika maabara ya kampuni ya DuPont, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ikachukua nafasi ya hariri katika miavuli hiyo. Baadaye wasukaji wa mijeledi waligundua kwamba kamba hiyo ya jeshi haiozi, hailiwi na panya, wala haigeuki kuwa mti mkavu baada ya kunyeshewa. Mjeledi wa ngozi hutaka kupakwa mafuta kila mara. Ukilowa hulegea, ukikauka hupasuka. Mlimaji wa Sikuda, anayefanya kazi asubuhi wakati umande ungali majanini, ana haki ya kuipenda nailoni.

Lakini nailoni nayo ina desturi zake, na hapo ndipo wengi huteleza. Hupaka samli au mafuta ya ng'ombe kama walivyowaona baba zao wakifanya. Nailoni hainywi mafuta. Yatabaki juu, yatashika vumbi na mchanga, na mchanga ule utazisaga nyuzi kama msasa. Kinachofaa ni nta. Koplo aliyeyusha mishumaa katika sufuria iliyowekwa ndani ya sufuria nyingine yenye maji ya moto, ili nta isikaribie moto wenyewe, akauchovya mjeledi bila mpini, akauninginiza udondoke. Nta huyeyuka katika joto dogo sana kuliko lile la kuyeyusha nailoni, kwa hiyo hakuna hatari iwapo mtu ana subira. Nta iliyoingia katikati ya masuko huyafanya yatulie pamoja, na huongeza uzito kidogo.

Uzito ndio udhaifu mkubwa wa nailoni. Ni nyepesi, na upepo ukivuma kutoka upande wa ziwa mjeledi mwepesi hupeperuka kama utepe. Ndiyo maana msukaji mwenye akili huweka kitu kizito ndani, upande wa mpini, kisha husuka juu yake. Busia, mji ambao waendesha baiskeli wake wa kuvusha abiria mpakani walizaa jina la bodaboda, haukosi gololi za baiskeli, nazo zikipangwa ndani ya kifuko chembamba cha kitambaa hufaa kabisa kwa kazi hiyo. Unene lazima upungue taratibu kutoka mpinini hadi nchani. Mjeledi ulio na unene mmoja mwanzo hadi mwisho ni kamba tu.

Sababu yake ni hii. Mkono unapoutupa mjeledi, kitanzi huanzia karibu na mpini na kukimbia kuelekea nchani. Kadiri mjeledi unavyozidi kuwa mwembamba, kitanzi huzidi kuongeza mwendo, mpaka kinaupita mwendo wa sauti, ambao ni kama mita 340 kwa sekunde. Mwaka 2002 Alain Goriely na Tyler McMillen wa Chuo Kikuu cha Arizona walieleza kwa hesabu kwamba mlio hutoka katika kitanzi hicho. Kwa hiyo mlio ule ni ndugu wa mshindo wa ndege za kivita ziupitapo mwendo wa sauti, nao huzaliwa hewani. Mjeledi hauhitaji kugusa kitu chochote ili ulie.

Kwa siku kumi koplo alisimama peke yake nyuma ya zizi, kofia kichwani na miwani machoni, maana ncha inayorudi haimtambui mwenyewe. Hakutumia nguvu. Kwanza aliuzungusha polepole mbele yake, upande huu na upande huu, ili masuko yalegee sawasawa. Kisha akaanza kuutupa mbele, mkono ukitangulia na mjeledi ukifuata. Alikataa kuuburuta kwenye changarawe. Kishada cha nyuzi kilichofungwa nchani kilichakaa siku ya tatu, akakikata na kufunga kingine, kama inavyotakiwa. Kishada ni cha kuchakaa ili kamba ipone. Ncha zilizokatwa aliziunguza kwa kiberiti zisifumuke, akijihadhari na tone la nailoni iliyoyeyuka, ambalo hung'ang'ania ngozi na kuunguza vibaya.

Watoto wake walitamani kuushika. Aliwakatalia, na alimkemea mkubwa kwa ukali siku alipomwelekezea mdogo wake mpini kwa mchezo. Jina la kiboko limetokana na mnyama ambaye ngozi yake ilikatwa vipande vya kuwapigia watu, na katika Tanganyika ya Wajerumani viboko 25 vilikuwa adhabu ya kawaida iliyojulikana kwa jina la hamsa-ishirini. Ibara ya 24 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inakataza adhabu za kikatili na za kudhalilisha. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Askari anajua zaidi kuliko raia kwamba chombo kilichozoeleka mkononi hutafuta kazi.

Siku ya kumi na moja alimfunga yule mwekundu kwenye kivuli, akamwekea majani ya viazi vitamu, naye akaenda mbali, ng'ambo ya shamba. Akauliza mjeledi mara moja. Ng'ombe aliinua kichwa, akatetemeka, akasubiri. Hakuna kilichomfika. Baada ya muda akarudia majani yake. Kesho yake koplo alisogea hatua ishirini karibu, na kesho kutwa tena. Mkewe alisimama kando ya ng'ombe, akimwita kwa jina kabla ya kila mlio, hata sauti ya mama ikawa ndiyo amri na mlio ukawa mwangwi wake tu.

Walipomfunga nira juma la tatu alijilaza mara mbili. Hakupigwa, walingoja mpaka akasimama mwenyewe. Msimu huo walilima kama nusu ya shamba, na nusu nyingine ililimwa kwa jembe la mkono na familia nzima pamoja na jirani mzee. Karo ya mtoto mmoja ilichelewa. Hata hivyo ngozi ya maksai ilibaki bila jeraha la kuita nzi, jambo lisilo dogo katika nchi ambayo mbung'o na kupe tayari huidai sehemu yao.

Mjeledi sasa unaning'inia kwenye kigingi kipana ndani ya nyumba, umezungushwa kwa kufuata mpindo wake, mbali na jua, kwani jua ndilo linaloiua nailoni polepole. Mvua za Agosti zikikaribia mke wa koplo huukagua, kisha husokota kishada kipya kwa nyuzi za gunia.