Siku za Mwisho Visiwani Lamu

Wakazi wa mjini wanaokwenda Lamu kutalii kwa mashua huhesabu siku zao kwa kalenda. Bahari nayo huhesabu kwa maji kujaa na kupwa. Aghalabu hesabu hizi mbili hugongana mwishoni mwa safari.

Tulikuwa wanne, marafiki tangu shule ya upili, pamoja na nahodha na baharia wake. Ilikuwa Januari, wakati wa kaskazi. Upepo huu hutoka kaskazini mashariki, kwa hivyo kwenda kisiwa cha Pate kulituchosha: tulibisha siku nzima, maji yakiturukia usoni. Kurudi, upepo husukuma tanga kutoka nyuma. Ndiyo sababu siku za kwenda huwa ndefu, na za kurudi zikapita mbio.

Usiku wa mwisho tulilala Siyu, mji wenye ngome ya karne ya 19 na mafundi wa viatu vya ngozi. Mkono wa bahari unaoingia Siyu hupita katikati ya mikoko, na ni lazima maji yajae ndipo chombo kitoke. Tuling'oa nanga saa kumi na moja alfajiri. Kulipokucha tuliona kwa mbali winchi za bandari mpya ya Lamu, iliyopokea meli ya kwanza Mei 2021. Maji yalipopwa tulitia nanga, tukapika wali kwa samaki.

Kutoka maji kujaa hadi kujaa tena ni kama saa kumi na mbili na nusu. Basi tuliingia Takwa, kisiwani Manda, saa kumi na moja na nusu jioni.

Takwa ni mahame. Wenyeji wake waliuacha mji huo karne ya 17 ikielekea ukingoni, wakahamia Shela, ng'ambo ya mlango wa bahari. Msikiti ungali umesimama, na kaburi la mnara lina maandishi ya mwaka wa 1094 Hijria, yaani 1682 hivi.

"Wanangu, mna saa moja tu," nahodha alituambia. "Maji yakishuka, tutalala hapa hadi asubuhi."

Hapo ndipo ubishi ulipozuka. Mwenzetu mmoja alikuwa na tiketi ya basi la alfajiri kutoka Mokowe, kisha ndege ya kwenda Qatar kwa kazi ya miaka miwili. Ni yeye aliyetaka tulale.

"Basi liende," alisema. "Lini tutakaa tena sote wanne?"

Wawili wetu walikubali. Mimi nilikataa, akanuna. Mwishowe alimgeukia nahodha.

"Mzee, wewe wasemaje?"

"Takwa haihami, mwanangu. Kazi je?"

Alinyamaza, akalizunguka lile kaburi mara moja, kisha akaingia majini kuelekea mashuani. Tulitoka mikokoni maji yameanza kushuka. Jua lilikuwa likitua nyuma ya mji wa Lamu, na yeye ndiye aliyeshika usukani.

Msomaji, ukipanga safari kama hii na wenzako, muulize nahodha saa za maji kabla ya kukata tiketi ya kurudi. Kisha acha siku moja tupu mwishoni. Maji yakijaa hupwa, na marafiki hawaagani vyema wakiwa mbioni.